Jinsi ya Kupanga Redio za Mtandao wa Data Loga: Mwongozo Kamili kwa Vituo vya Mvua na Mito Uganda

Mto Nyamwamba unashuka kutoka milima ya Rwenzori, unapita bonde jembamba la Kilembe, kisha unaingia mjini Kasese. Mei 2013 ulifurika, na Mei 2020 ukafurika tena, ukabomoa nyumba na madaraja na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Kila baada ya mafuriko kama hayo watu huulizana: kule juu mvua ilianza saa ngapi, na maji yalipanda kwa kasi gani? Loga, yaani kifaa kinachorekodi vipimo chenyewe, ikiwa na kipimo cha mvua inayajua hayo yote. Lakini habari iliyofungiwa ndani ya kisanduku mlimani haimwokoi mtu aliyelala kando ya mto. Lazima ishuke kwa redio, na ishuke mapema.

Katika vituo vingi nilivyoitwa kuvitazama, loga ilikuwa nzima na kihisi kilikuwa kizima. Kasoro ilikuwa kwenye mipangilio ya redio au kwenye antena. Na dawa wanayoikimbilia watu ni ileile: ongeza nguvu, punguza kasi mpaka mwisho. Mara nyingi dawa hiyo huzidisha ugonjwa. Mimi nafuata mpangilio mwingine: kwanza njia ya mawimbi, pili kasi inayofaa, tatu ratiba ya kutuma, na nguvu iwe ya mwisho kabisa.

Natumia redio za LoRa, zinazotuma ujumbe mfupi mbali kwa nguvu ndogo, kwa sababu ni za bei nafuu, zinakula umeme kidogo, na vijana wetu wa ufundi wanazifahamu. Mfano wa kufundishia ni huu: vituo 12 vya mvua na kina cha mto kwenye miteremko juu ya Kasese, kituo cha kupitisha kimoja juu ya mgongo wa mlima, na kituo kikuu mjini chenye umeme na modemu ya simu. Vituo vinane havikioni kituo kikuu, kwa hiyo vinapitia kile cha mlimani. Vinne vinatuma moja kwa moja.

Hatua ya 1: Ramani kabla ya redio

Fungua Google Earth, chora mstari kutoka kila kituo hadi kinakotuma, kisha tazama sura ya ardhi chini ya mstari huo. Mgongo wa mlima ukikatiza mstari, usijidanganye. Hakuna mpangilio wa redio utakaopenya mwamba wa Rwenzori. Tafuta sehemu nyingine au weka kituo cha kupitisha.

Kuonana kwa macho pia hakutoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi kuuzunguka mstari huo, nafasi inayoitwa kanda ya Fresnel, nyembamba kwenye ncha na nene katikati. Kwa umbali wa kilomita 10 na masafa ya MHz 868, nusu kipenyo chake katikati ya safari ni kama mita 29. Angalau asilimia 60 ya hizo, yaani mita 18 hivi, iwe wazi, bila kilima, paa wala miti. Kwa MHz 433 nafasi inayotakiwa ni kubwa zaidi, mita 25 hivi. Ndiyo maana mlingoti wa mita 6 huleta nafuu ambayo redio ya bei kubwa haiwezi kuileta.

Sasa fanya hesabu ya nguvu, ni kujumlisha na kutoa tu. Redio inatoa 14 dBm (kipimo cha nguvu ya redio kwa desibeli). Antena ya kituo inaongeza desibeli 2, antena ya mjini inaongeza 6, kebo zinakula 2. Hewa wazi ya kilomita 10 kwa MHz 868 inakula 111. Inayofika ni kama −91 dBm. Redio ya LoRa iliyowekwa SF9 (SF ni ngazi ya kasi: namba ikipanda, kasi hushuka) inaweza kusikia mpaka karibu −129 dBm, kwa hiyo una akiba ya 38. Miti, kona za milima na antena iliyoinama zote zitakula akiba hiyo. Ikiwa hesabu ya mezani inakupa akiba chini ya 20, usipande mlima bado. Rudi kwenye ramani.

Kama kituo kitaangukia ndani ya hifadhi ya Rwenzori, ruhusa ya UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, itafutwe mapema. Nje ya hifadhi, anza kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1) na mwenye shamba. Mzee wa shamba aliyeelezwa vizuri kisanduku kile ni cha nini ndiye mlinzi wako bora, na mara nyingi ndiye atakayekupigia simu paneli ya sola ikidondoka.

Hatua ya 2: Masafa

Uganda iko katika Kanda ya 1 ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), pamoja na Afrika yote na Ulaya. Redio za MHz 902 hadi 928, ambazo zimejaa mitandaoni kwa bei ya kuvutia, zimetengenezwa kwa ajili ya bara la Amerika. Kwetu sehemu ya chini ya mkanda huo inaangukia ndani ya MHz 880 hadi 915, mahali simu zinapotumia kutuma kwenye minara. Ukiziwasha hapa unaingilia simu za watu, na simu zinaingilia loga zako.

Nenda Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC) uulize mambo matatu: ni mikanda gani inaruhusiwa kwa vifaa vya nguvu ndogo, nguvu ya juu ni ngapi, na kifaa chako kinahitaji kuidhinishwa kabla ya kuingizwa nchini au la. Uliza kabla ya kulipia mzigo. Pata jibu kwa maandishi, ulibandike kwenye faili la mradi.

Moduli ya 868 haigeuki kuwa ya 433 kwa kubadilisha namba kwenye programu. Saketi zake na antena yake vimepimwa kwa masafa yake. Antena ya robo wimbi kwa 868 ina urefu wa sentimita 8.6, na kwa 433 ni sentimita 17.3. Ukikuta antena ndefu imefungwa kwenye redio ya 868, simama uchunguze kwanza.

Hatua ya 3: Andika makubaliano ya mtandao

Redio mbili zinasikilizana pale tu mipangilio yao ya masafa, SF, BW (upana wa mkanda) na namba ya mtandao inapolingana yote. Ukipishana mmoja hupati ujumbe wa kosa, unapata ukimya. Kwa hiyo mipangilio iandikwe kwanza kwenye daftari, halafu ndiyo iingizwe kwenye redio. Kwa mfano wetu, tukichukulia UCC wameruhusu masafa hayo:

- Masafa: 868.1 MHz
- SF: 9
- BW: 125 kHz
- CR (kiasi cha biti za ziada za kusahihisha makosa): 4/5
- Utangulizi wa ujumbe: alama 8
- CRC (ukaguzi wa ujumbe ulioharibika): imewashwa
- Nguvu: 14 dBm
- Namba ya mtandao: moja kwa redio zote
- Anwani: 1 kituo kikuu, 2 kituo cha kupitisha, 11 hadi 22 vituo vya mlimani

Anwani zisirudiwe kamwe. Vituo viwili vyenye anwani moja vitakuletea data inayorukaruka, mvua ya bonde hili ikichanganyika na ya bonde lile, na unaweza kukaa msimu mzima bila kugundua. Nimeacha pengo kati ya 2 na 11 ili kituo cha pili cha kupitisha kikihitajika kiwe na nafasi yake.

Namba ya mtandao kwenye LoRa ni ile baiti ndogo inayotenganisha mtandao na mtandao. Thamani 0x34 waachie watumiaji wa LoRaWAN, mtandao sanifu wa LoRa, na ile 0x12 inayokuja na moduli nyingi huenda jirani yako anayo pia. Badilisha. Lakini usiidhanie kuwa ni siri, kwani yeyote anaweza kuibahatisha. Kama takwimu zako zitawaamsha watu usiku wakimbie mafuriko, washa usimbaji wa AES-128, unaoficha ujumbe kwa ufunguo wa siri, na ufunguo huo uhifadhiwe na watu wawili, wasafiri magari tofauti.

Hatua ya 4: Kwa nini SF9 na si SF12

Hapa ndipo mitandao mingi inapoharibikia, basi tukae kidogo.

SF huamua kila alama ya redio inachukua muda gani hewani. Ukipanda ngazi moja, muda wa alama unazidishwa mara mbili, na redio inasikia mbali zaidi kidogo. Ujumbe wa baiti 20, ambao unatosha kubeba mvua, kina cha maji, volti ya betri na saa, unakaa hewani hivi kwa BW ya 125 na CR ya 4/5: SF7 milisekunde 57, SF9 milisekunde 185, SF10 milisekunde 371, SF12 milisekunde 1,319. Kutoka SF9 hadi SF12 unapata usikivu wa desibeli 7 tu, na unalipa mara saba ya muda na mara saba ya betri ya kutuma.

Sasa weka vituo 12 vikituma kila dakika 5, kila kimoja kwa wakati wake bila mpango. Kwa SF12 hewa inashikwa sekunde 15.8 katika kila 300. Inaonekana kidogo, lakini ujumbe hugongana na ule ulioanza kabla yake na ule unaoanza kabla haujaisha, na hesabu inatoa hasara ya karibu asilimia 10. Kwa SF9 hasara inashuka hadi asilimia 1.5 hivi. Aliyeongeza SF ili asipoteze ujumbe ndiye anayeupoteza.

Kituo cha kupitisha ndicho kinachoumia zaidi. Kinabeba vituo vinane, kila kimoja kikituma mara 12 kwa saa, jumla ujumbe 96. Kwa SF12 kitasema hewani sekunde 127 kila saa, na wakati kinasema hakisikii. Kanuni ya Ulaya kwa masafa haya ni asilimia 1 ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Hata pale usipobanwa na kanuni hiyo, ni nidhamu nzuri kwa hewa tunayoigawana. Kwa SF9 kituo hicho kinatumia sekunde 18, na kinabaki na nafasi ya kupumua.

Ushauri wangu: anza na SF9. Kituo kisichofika, inua antena yake au ihamishe. Ikishindikana kabisa, weka mtandao mzima SF10. Redio ya kawaida ya kituo kikuu husikiliza SF moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo huwezi kumbadilishia mmoja peke yake.

Jambo dogo linalowatesa mafundi: kwa SF11 na SF12 katika BW ya 125, alama inazidi milisekunde 16, na kuna swichi kwenye programu inayotakiwa iwashwe kwa hali hiyo, mara nyingi imeandikwa LDRO. Programu nyingine huiwasha zenyewe, nyingine hapana. Upande mmoja ukiwa nayo na mwingine hauna, redio itagundua ujumbe umekuja lakini CRC itakataa kila mara. Ukiona hivyo, usitafute antena, tafuta swichi hiyo.

Hatua ya 5: Yote yafanyike mezani

Redio isiyosikika kutoka chumba cha pili haitasikika kutoka mlimani. Panga vifaa vyote kwenye meza kubwa, ikiwezekana na vihisi vyake.

Funga antena kabla ya kuwasha umeme. Redio inayotuma bila antena inaweza kuunguza sehemu yake ya mwisho, na hutaiona ikifuka moshi. Itakuwa tu dhaifu milele.

Hapo kwenye kufunga, angalia viunganishi kwa jicho la karibu. Kuna SMA ya kawaida na kuna RP-SMA, na kwa nje zinafanana mpaka kwenye nyuzi za parafujo. Tofauti iko katikati. Kiunganishi cha antena chenye nyuzi ndani, kama ni SMA, kina sindano katikati. Kama ni RP-SMA, kina tundu. Ukichukua antena ya RP-SMA ukaizungusha kwenye redio ya SMA, ambayo nayo ina tundu, vitakaza vizuri kabisa mpaka mwisho, na ndani tundu linatazamana na tundu bila kugusana. Mezani redio zitaongea kwa sababu ziko karibu. Mlimani zitanyamaza. Kwa hiyo chungulia kila kimoja kwenye mwanga: upande mmoja sindano, upande wa pili tundu.

Kisha fuata mtiririko huu. Hakikisha famuwea, yaani programu ya ndani ya redio, ni toleo moja kwenye redio zote. Hifadhi mipangilio ya kiwandani kwenye laptopu. Panga kituo kikuu kwanza, halafu kituo cha kupitisha, halafu anwani 11, na uwafanye hao watatu waongee kabla hujagusa wa nne. Teremsha nguvu hadi kiwango cha chini wakati wa majaribio na tenganisha redio kwa mita kadhaa, maana redio iliyo sentimita 30 kutoka kwa mwenzake huzibwa masikio kwa makelele, na utadhani imeharibika. Rudisha nguvu mwisho wa kazi, na uandike kwenye daftari kwamba umeirudisha.

Angalia pia waya kati ya loga na redio. Kasi ya pande zote mbili iwe moja, kwa mfano 9600 na 8N1 (biti 8 za data, bila ukaguzi, biti 1 ya kufunga). Herufi za ajabu kwenye skrini karibu kila mara ni kasi iliyopishana.

Acha mtandao mzima uongee mezani siku nzima na usiku wake. Bandika lebo ya anwani nje ya kila kisanduku na nyingine ndani ya mfuniko.

Hatua ya 6: Saa na zamu

Loga zote ziwekwe saa ya Afrika Mashariki, UTC+3, mtindo wa saa 24. Mwambie na mzee anayesoma kipimo cha mkono aandike kwa mtindo huohuo. Akiandika saa 2 asubuhi kwenye daftari na loga inasema 08:00, mtu wa ofisini asiyejua atayaweka mapengo ya saa sita kwenye ripoti.

Loga zikishakuwa na saa sahihi, zote zitataka kutuma dakika ileile, sekunde ileile. Huo ndio mgongano mbaya kuliko wote, maana unarudi kila dakika 5. Gawa zamu: anwani 11 itume sekunde 10 baada ya kila dakika ya tano kutimia, anwani 12 sekunde 20, na kuendelea hadi anwani 22 kwenye sekunde 120. Sekunde 10 zinatosha hata kwa kupitishwa na kurudiwa mara moja. Zamu hizi zikishikwa, ile hasara ya bahati nasibu karibu inaisha.

Omba jibu la kupokea kwa ujumbe wa tahadhari tu. Ujumbe wa kawaida ukipotea si msiba, mradi loga inaweka kila kipimo kwenye kumbukumbu yake na kituo kikuu kinaweza kuomba vilivyokosekana baadaye. Marudio yawe mawili au matatu, yakiachana kwa muda wa nasibu.

Zamu zinasaidia betri pia. Kituo cha kawaida kinalala, kinaamka, kinatuma, kinalala. Kituo cha kupitisha hakilali. Redio inayokula milliampia 12 ikisikiliza itamaliza milliampia-saa 288 kwa siku. Betri ya risasi ya 7 Ah, ukiitumia nusu ili isife mapema, inakupa siku 12 bila jua, ukiacha vifaa vingine. Ukungu wa Rwenzori unaweza kukaa, hivyo kituo hicho kipewe betri kubwa na paneli kubwa kuliko wenzake.

Hatua ya 7: Mlimani

Antena zote zisimame wima, na juu kuliko majani. Migomba hukua, na mikaratusi hukua haraka zaidi. Kebo iwe fupi: RG58 ya mita 10 inakula kama desibeli 5 kwa masafa haya, wakati LMR-400 ya urefu huo inakula 1.3. Ni afadhali kupandisha kisanduku cha redio mlingotini kuliko kuteremsha kebo ndefu nyembamba. Kila kiunganishi cha nje kifungwe kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, na kebo ipinde kushuka chini kabla ya kuingia kisandukuni ili maji yadondokee hapo.

Radi kwetu ni nyingi. Weka kizuizi cha radi kwenye kebo, na mlingoti uunganishwe na fimbo ya ardhini kwa waya mnene, mfupi, usio na kona kali. Wingu likianza kunguruma, shukeni.

Kasese iko karibu kabisa na ikweta, ambayo inakatiza barabara pale Kikorongo, kusini ya mji. Paneli ya sola inaweza kuelekea kaskazini au kusini. Iinamishe kiasi cha nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe vumbi.

Hatua ya 8: Pima, usikisie

Kituo kikuu kirekodi namba mbili kwa kila ujumbe: RSSI, yaani nguvu iliyopokelewa, na SNR, yaani nguvu hiyo ukilinganisha na kelele. LoRa husikia hata chini ya kelele, kwa SF9 mpaka SNR ya −12.5. Mimi sikubali kukiacha kituo chenye SNR ya wastani chini ya −2, maana akiba ya 10 ndiyo inayokivusha wakati wa mvua.

Na kuhusu mvua, watu wengi hulaumu matone. Kwa MHz 868 matone yenyewe hayazuii chochote cha maana. Kinachozuia ni majani yaliyolowa, maji yaliyoingia kwenye kiunganishi, na betri iliyokosa jua siku tatu. RSSI ikishuka mvua inaponyesha na kurudi majani yakikauka, kata matawi au inua antena. Ikishuka na isirudi, fungua kiunganishi. Ikiwa RSSI ni ileile lakini ujumbe unakatika usiku, soma volti.

RSSI nzuri pamoja na SNR mbaya ina maana kuna kelele jirani: chaja ya sola ya bei rahisi, taa za LED, au mnara. Zima chaja kwa dakika chache utazame.

Hatua ya 9: Kubadilisha mipangilio bila kupanda mlima

Ipo siku utataka kubadilisha SF au masafa kwa mbali. Anza na vituo vya mbali kabisa, wale wanaopitia kituo cha kupitisha. Kisha kituo cha kupitisha, kisha wale wanne wa moja kwa moja, na kituo kikuu kiwe cha mwisho. Ukianza na kituo kikuu, umekata tawi wakati wenzako wote wamelikalia.

Kabla ya hapo, programu ya kila loga iwe na sharti hili: ikikaa saa moja baada ya mabadiliko bila kumsikia kituo kikuu, irudi yenyewe kwenye mipangilio ya zamani. Lijaribu sharti hilo mezani, kwa kuzima kituo kikuu makusudi. Mabadiliko yafanyike Januari au Julai, usiyaguse kati ya Machi na Mei wala Septemba na Novemba, wakati watu wa bondeni wanaitegemea namba hiyo. Na mjini Kasese iwepo daima redio moja ya akiba iliyokwisha pangwa, ambayo inasubiri kupewa anwani tu, ili kituo kikizimika katikati ya masika, fundi apande boda boda asubuhi ileile nayo ikiwa begani.